mssql-django: kuifanya Django iongee na SQL Server ya Navision, maoni yangu

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake. Kama una Django, ile fremuweki ya Python ya kujengea tovuti, na bosi keshasema data iko kwenye SQL Server, databesi ya Microsoft, na haihami, chukua mssql-django, usijisumbue kuandika bekendi (kiunganishi cha Django na databesi) yako mwenyewe. Nyota nne kati ya tano. Ila elewa unapata nini: hii laibrari inajua kuongea na SQL Server, lakini haijui chochote kuhusu databesi uliyoikuta mle ndani, na jasho lote utalitoa hapo kwenye la pili.

Kwa wasioijua, Django ikitoka kiwandani inaongea na PostgreSQL, MariaDB, MySQL, Oracle na SQLite, basi. SQL Server haimo. Zamani kulikuwa na django-pyodbc-azure, ikaja django-mssql-backend ikaendeleza kutoka pale, halafu 2021 Microsoft wenyewe wakashika usukani na ndo tukapata hii mssql-django. Ni ya bure, leseni ya BSD. Nayasema haya kwa sababu ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na majibu ya zamani yanayokwambia uandike ENGINE kwenye settings za Django ni `sql_server.pyodbc`, hayo ni ya hizo laibrari za kale, sasa hivi ni `mssql` tu. Kuna watu wanazunguka na hiyo kitu siku nzima.

Mimi naitumia kwa sacco moja huku Pwani. Sacco nyingi Kenya zinaendesha vitabu vyao kwenye Navision, yaani Microsoft Dynamics NAV ambayo siku hizi inaitwa Business Central, na chini ya Navision kuna SQL Server. Wanachama wanataka kuona salio na mkopo kwenye simu bila kupiga foleni, na hapo ndo Django inaingia.

Usakinishaji. `pip install mssql-django` inaleta na pyodbc, laibrari ya Python ya kuongea na databesi kupitia ODBC, hiyo sehemu ni rahisi, ila bado unahitaji draiva ya ODBC ya Microsoft kwenye mashine yenyewe na hiyo pip haikuletei. Kwenye Ubuntu unaongeza ripozitori ya Microsoft, unakubali masharti yao kwa `ACCEPT_EULA=Y`, ndo unasakinisha. Kama unatumia Docker hakikisha imo kwenye Dockerfile, la sivyo kwenye laptopu yako itafanya kazi na kwenye seva itakataa. Na chagua toleo la draiva ukiwa macho wazi. Draiva 17 haikulazimishi usimbaji, draiva 18 inausimba muunganisho bila kuuliza na inataka cheti kinachoaminika, na hizi seva za ndani za ofisi karibu zote zina cheti ambacho seva imejitengenezea yenyewe, kwa hiyo unahama kutoka 17 kwenda 18 na unapokelewa na kosa la `certificate verify failed`. Watu wanamaliza kwa kuweka `TrustServerCertificate=yes` kwenye `extra_params`. Inafanya kazi, lakini hapo umeiambia draiva imwamini yeyote atakayejibu. Kama seva ya Django iko nje ya ofisi mwambie mtu wa mitambo aweke cheti cha kweli, hizi ni pesa za watu.

Sasa tuingie jikoni.

Ukiendesha `inspectdb`, amri ya Django inayosoma tebo zilizopo na kukuandikia modeli zake, kwenye databesi ya Navision utacheka kwanza halafu utanyamaza. Kila tebo imebandikwa jina la kampuni mbele na alama ya dola, mfano kwenye ile kampuni ya maonyesho ya Microsoft utaona `CRONUS International Ltd_$Customer`. Nafasi ndani ya jina, dola ndani ya jina, na kila nukta imegeuzwa kistari cha chini, ndo maana kolamu ya namba ya mteja inaitwa `No_`. Bekendi hapa haina shida hata kidogo, inafunga jina ndani ya mabano ya mraba na maisha yanaendelea. Django yenyewe ndo haitaki jina la fildi liishie na kistari, kwa hiyo `inspectdb` inakupa kitu kama hiki:

`no_field = models.CharField(db_column='No_', primary_key=True, max_length=20)`

Badilisha `no_field` iwe `namba` au chochote, acha `db_column` ilivyo. Kama mko kwenye Business Central mpya ongeza mkia mrefu wa herufi na namba baada ya `Customer`, kile ni kitambulisho cha programu iliyoleta hiyo tebo, ukikiacha tebo haionekani. Mi nimeandika kifunction kidogo kinachojenga `db_table` kutoka kwa jina la kampuni, maana sacco inaweza kuwa na kampuni ya majaribio na kampuni halisi ndani ya databesi moja na hutaki kuhariri modeli zote kwa mkono.

Utaona pia kolamu inaitwa `timestamp`. Usidanganyike na jina, haina tarehe yoyote, ni rowversion, namba inayobadilika kila mstari ukiguswa, na SQL Server haikuruhusu kuiandikia. Itoe kwenye modeli. Halafu tarehe: Navision haiweki NULL kwenye tarehe tupu, inaweka 1 Januari 1753, ambayo ndo tarehe ya mwanzo kabisa aina ya `datetime` ya SQL Server inaweza kubeba. Bekendi inakuletea hiyo tarehe kiaminifu kabisa kwa sababu kwake ni tarehe halali, na mwanachama anaona kwenye simu mkopo wake uliisha karne ya kumi na nane. Dawa ni kutengeneza fildi yako inayorithi `DateTimeField`, ndani ya `from_db_value` ukiona mwaka 1753 rudisha `None`. Mistari michache tu, lakini hakuna laibrari itakayokuandikia.

Na kubwa kuliko yote, salio. Mtu wa Navision atakwambia "si salio liko pale kwenye kadi ya mteja, uwanja wa Balance". Kwenye skrini lipo. Kwenye SQL halipo! Ni FlowField, Navision inaipiga hesabu wakati wa kuonyesha, hakuna kolamu. Kwa hiyo unaenda `Detailed Cust_ Ledg_ Entry` unajumlisha kolamu ya Amount kwa kila mteja, `annotate` na `Sum`, na hapa ORM (sehemu ya Django inayogeuza Python kuwa SQL) inafanya kazi nzuri sana, kwerii inatoka safi. Leja ikiwa nene utasikia uzito, na hapo kuna siri ambayo watu wa Django wengi hawaijui: Navision inatunza jumla zake kwenye viu zenye indeksi, majina yake yana `$VSIFT$` ndani. Viu ni kama tebo tu kwa Django, itengenezee modeli yenye `managed = False`, yaani Django isijaribu kuiunda wala kuibadilisha, na usome jumla iliyokwisha kupigwa.

Tukirudi kwenye bekendi yenyewe, kuna mambo imefanya kwa akili. SQL Server haikubali paramita zaidi ya 2,100 kwenye kwerii moja. Sasa fikiria kazi ya kutuma SMS za mwisho wa mwezi, una orodha ya namba za wanachama elfu tano na unaandika `filter(namba__in=orodha)`. Bila msaada ungepigwa na kosa. Hii bekendi orodha ikizidi kiwango inatengeneza tebo ya muda, inamwaga namba zako humo elfu moja kwa elfu moja, halafu kwerii yako inageuka kuwa IN ya kusoma kutoka ile tebo. Mwandishi wa programu hajui kitu. Mi nilikuja kuiona nikisoma kwerii zinazopita upande wa seva, nikaona `#Temp_params` nikajiuliza nani huyu. Nzuri, ila isikupe uvivu, kama hiyo orodha ilitoka kwenye databesi hiyohiyo basi pitisha queryset yenyewe badala ya orodha, itakuwa kwerii ndogo ndani ya kubwa na hakuna tebo ya muda.

Vilevile kwenye unique. SQL Server inahesabu NULL mbili kuwa zinafanana, kwa hiyo fildi ya `unique=True, null=True` ingekubali NULL moja tu kwenye tebo nzima, tofauti na PostgreSQL. Bekendi inaweka indeksi ya unique yenye sharti la IS NOT NULL na tabia inakuwa ile Django inaitarajia. Kurasa nazo, SQL Server inakataa OFFSET kama hakuna ORDER BY, bekendi inajaza pengo, lakini weka `order_by` mwenyewe bwana, la sivyo mwanachama anaweza kuona muamala mmoja ukurasa wa kwanza na wa pili.

Ambayo haiwezi kukuokoa nayo. Kolesheni ya kawaida (kanuni za kulinganisha maandishi) ya SQL Server kwa usakinishaji wa Kimarekani haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo `filter(jina='juma')` inamleta JUMA na Juma wote, na `exact` inafanya kama `iexact`. Majaribio yako yakiwa yanaendeshwa kwenye SQLite yatapita vizuri na uzalishaji utafanya kivyake. Nawaomba, msijaribie SQLite. SQL Server inaendeshwa kwenye Linux tangu toleo la 2017, kontena iko, toleo la Developer ni bure, jaribieni humo.

Lingine ni la Navision za kabla ya 2013, zile zilihifadhi maandishi kama varchar, yaani yasiyo ya Unicode. pyodbc kwa kawaida inatuma maandishi ya Python kama nvarchar, yaani ya Unicode. Kwa hiyo seva inaweza kulazimika kubadilisha kolamu nzima ndo ilinganishe, indeksi inakaa pale haisaidii, na kutafuta mteja mmoja kunasoma tebo yote. Ukiona `CONVERT_IMPLICIT` kwenye mpango wa kwerii ndo huyo. Kuna chaguo la `setencoding` kwenye OPTIONS la kucheza na hilo. Kama Navision yenu ni 2013 kwenda mbele hii aya haikuhusu, ruka.

Loki. Hii ndo sehemu ya kuogopa kuliko zote. SQL Server ya ofisini kwa mipangilio yake ya kawaida inasoma kwa kufunga, yaani ripoti yako nzito ya Django inaweza kumkwamisha keshia anayeposti malipo kaunta, na keshia naye akakukwamisha. Kwenye Azure SQL mambo tofauti, kule usomaji wa snapshot, yaani kusoma data iliyokwisha kuthibitishwa bila kungoja loki, umewashwa tayari. Bekendi ina chaguo la `isolation_level`, na ushauri utakaopewa na kila mtu wa Navision ni uweke READ UNCOMMITTED, yaani usome hata ambacho hakijathibitishwa. Kwa orodha ya matawi sawa. Kwa salio hapana, maana muamala ulioanza ukarudishwa nyuma utaonekana kwenye simu ya mwanachama kama pesa kamili, atakuja ofisini nazo mdomoni. Mwombe msimamizi wa databesi awashe snapshot, halafu uweke SNAPSHOT. Kama anakataa, tengeneza nakala ya kusoma.

Mbona sijatoa nyota ya tano? Migresheni, yaani Django kubadilisha muundo wa tebo. Kwenye ukurasa wao wenyewe wameorodhesha yasiyokamilika, na wamekuwa wakweli, nawapa heshima. Kugeuza fildi iwe AutoField (namba inayojiongeza yenyewe) au kuitoa kwenye AutoField ni kati ya hayo, maana SQL Server yenyewe haikubali kolamu iliyopo igeuzwe kuwa identity, ndo AutoField upande wa seva. Mambo ya timedelta na hesabu za tarehe upande wa kulia nayo yamo kwenye orodha. Kwa hiyo kama unaanza mradi mpya kabisa na una uhuru wa kuchagua, sioni sababu ya kuja huku, kaa na PostgreSQL. Mi mpangilio wangu ni databesi mbili: watumiaji, sesheni na vitu vya Django viko PostgreSQL, Navision inasomwa tu kupitia ruta ya databesi (kipande cha Django kinachoamua modeli ipi iende databesi ipi), modeli zote za huko `managed = False`, na mtumiaji wa SQL amepewa `db_datareader` peke yake. Hata mtu akijisahau akaita `save()` seva inamkatalia. Na hilo si la mssql-django, ni la Navision, ukiandika moja kwa moja kwenye SQL unaruka ukaguzi wote ulioandikwa ndani ya Navision na mkaguzi wa hesabu atakuja kuuliza leja haifungi kwanini.

Tebo zenye ufunguo wa kolamu kadhaa, kama Sales Line yenye aina ya hati, namba ya hati na namba ya mstari, zilikuwa mateso kwa Django mpaka toleo la 5.2 la 2025 lilipoleta CompositePrimaryKey. Kabla hujakimbilia huko angalia mssql-django uliyo nayo inakubali Django ipi, huwa inakuja nyuma ya Django yenyewe, na kwenye `requirements` zifunge zote mbili kwa namba kamili pamoja na pyodbc.