Cleveland, Buffalo na Milwaukee: majiji matatu ya ziwani kwa kipimo cha mtu wa Mwanza

Ukitaka kulinganisha majiji ya kati ya Marekani, usianze na idadi ya watu. Sensa ya 2020 iliipa Milwaukee watu 577,222, Cleveland 372,624 na Buffalo 278,349, na msomaji wa haraka ataamua Milwaukee ndiyo kubwa. Namba hizo zinahesabu waliomo ndani ya mipaka ya halmashauri tu. Watu wa Mwanza hawahitaji maelezo marefu hapa: hesabu wilaya ya Nyamagana peke yake, uiache ya Ilemela, na papo hapo uwanja wa ndege, Kirumba na mwalo wake wa dagaa vimetoka nje ya jiji, ilhali daladala zinapita kila siku bila kuuliza mpaka uko wapi. Ukiijumlisha Cleveland na miji iliyoshikana nayo unapata watu wapatao milioni 2, Milwaukee milioni 1.5 hivi, Buffalo milioni 1.1 na ushei. Mpangilio umegeuka.

Kwa hiyo tunayapima kwa mambo mawili: jiji lina uzito gani nje ya mipaka yake, na mgeni asiye na gari anafikaje ziwani. Hili la pili si dogo. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 68,800. Michigan, ziwa la Milwaukee, lina 58,000; Erie, la Cleveland na Buffalo, 25,700. Aliyekulia kando ya maji mengi namna ile, ukimpa jiji la ziwani ambalo ziwa lake halifikiki, umemnyima nusu ya jiji.

Kwa uzito, Cleveland inaongoza, wala si kwa kukaribiana. Ina makao ya mojawapo ya matawi 12 ya benki kuu ya Marekani, na Cleveland Clinic, hospitali iliyoanzishwa 1921 ambayo wagonjwa huifuata kutoka mataifa mengine. Mwaka 1968 lilikuwa jiji la kwanza Marekani kuufikisha usafiri wa treni ya mjini hadi uwanja wa ndege, na njia hiyo, Red Line, ndiyo sababu kubwa ya sisi kuisifu. Ukishuka kwenye ndege, teremka kituo cha treni kilicho chini ya jengo la abiria. Tiketi ya safari moja ni dola 2.50, ya siku nzima dola 5. Ukipanga kupanda hata mara tatu tu, chukua ya siku. Itunze mpaka ushuke. Kabla ya kufika katikati ya jiji kuna kituo cha W. 25th–Ohio City: shuka hapo uingie West Side Market, soko la mwaka 1912 lenye mnara wa saa, nyama na samaki vikiuzwa ndani, mboga na matunda kwenye baraza la pembeni. Jumanne na Alhamisi hufungwa, na wageni wengi huishia mlangoni kwa kutojua hilo. Kutoka katikati kwenda mashariki kuna HealthLine, mabasi ya tangu 2008 yenye njia yake katikati ya barabara ya Euclid. Aliyepanda mwendokasi Dar ataelewa mara moja.

Tatizo la Cleveland ni ziwa lenyewe. Kati ya mji na maji kuna reli, kuna barabara ya magari ya kasi, halafu kuna uwanja mdogo wa ndege uliokalia ufuo. Fikiria unatoka mjini kwenda kivuko cha Kamanga ukute vyote hivyo vimelala mbele yako. Njia iliyo nyoofu ni kufuata East 9th Street kwa miguu, inayovuka juu ya reli na barabara hadi bandari ndogo. Upepo wa pale juu ni mkali, na upande wa maji wenyewe nafasi ya kukaa si kubwa.

Buffalo iko mwisho wa mashariki wa Ziwa Erie, na ukubwa wake ni wa zamani. Mfereji wa Erie ulifunguliwa 1825, ngano ya magharibi ikawa inashushwa hapa kwenda New York. Mwanzoni ilibebwa mgongoni, gunia kwa gunia, kama wapagazi wa mwaloni Kirumba wanavyobeba dagaa mpaka leo. Mwaka 1842 Joseph Dart akajenga ghala lenye mkanda wa ndoo unaoendeshwa kwa mvuke: mkanda unashushwa ndani ya tumbo la meli, ndoo zinachota ngano na kuimwaga juu kwenye mapipa. Maghala makubwa ya zege yaliyofuata bado yamesimama kando ya mto. Mwaka 1959 meli kubwa zikapata njia ya kupita moja kwa moja kwenda baharini, Buffalo ikarukwa. Watu 580,132 wa mwaka 1950 wamebaki chini ya nusu.

Treni yake ina mpangilio wa kinyume: katikati ya jiji inapita juu ya barabara bure, ikitoka nje inazama chini ya ardhi na hapo unalipa. Haifiki uwanja wa ndege. Huko ni basi. Jiji lilifanya jambo moja la maana sana 2017, lilipofuta sharti la kila jengo kuwa na idadi fulani ya maegesho, kwa sababu sharti hilo ndilo lililogeuza viwanja vya katikati ya miji mingi ya Marekani kuwa lami tupu.

Kuhusu theluji ya Buffalo, ielewe sababu ndipo uchague nyumba. Upepo baridi ukipita juu ya maji yenye joto kiasi hubeba mvuke, na ukigusa nchi kavu unaumwaga kwa mkanda mwembamba. Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya mita 1.5, kaskazini kidogo tu. Hatari hupungua ziwa likiganda, na Erie huganda mapema kwa kuwa halina kina, wastani mita 19. Kwa hiyo Novemba na Desemba ndizo za kuogopwa. Tufani ya Desemba 2022 iliua makumi ya watu. Weka ndani chakula cha siku nne.

Milwaukee ndiyo tunayoichagua kwa kuishi. Haina uzito wa Cleveland, na Chicago iliyo kilomita kama 140 kusini inaifunika. Lakini ziwa ni la watu. Daniel Hoan, meya msoshalisti wa 1916 hadi 1940, alisimamia ufuo ubaki mali ya umma, na leo unatembea kando ya maji kwa kilomita kadhaa bila kuzuiwa na ukuta wa mtu. Safari ni rahisi: kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, panda treni ya Blue Line hadi kituo cha Clinton, tembea hadi Union Station, chukua treni ya Hiawatha, dakika 90. Kituo cha Milwaukee kimeungana na tramu ya Hop, ambayo haijatoza nauli tangu ianze Novemba 2018. Angalia ubao: tramu ya L inakupeleka karibu na ziwa, ya M haifiki. Ukishuka, jumba la sanaa la 2001, kazi ya msanifu majengo Calatrava, liko mbele yako, na paa lake la mabawa yenye upana wa mita 66. Upepo ukizidi kilomita 37 kwa saa kwa sekunde 3 mabawa hujifunga yenyewe, basi siku ya upepo usiende kwa ajili ya hayo.

Jiji hili lina historia chungu ya maji, na wanaokunywa maji ya Capri Point kule Mwanza wanapaswa kuijua. Mwaka 1993 kijidudu cha cryptosporidium, ambacho klorini haikiui, kilipita kwenye mtambo mmoja wa kuchuja; watu wapatao 403,000 waliugua kuhara. Baadaye mdomo wa bomba ulisogezwa mbali zaidi ziwani, na usafishaji wa ozoni ukaongezwa.

Mwisho kuna kivuko cha kasi, Lake Express, kinachobeba na magari hadi Muskegon kwa saa mbili na nusu, ila si majira ya baridi. Muskegon iko saa moja mbele, hivyo tiketi itaonekana kama safari ya saa tatu na nusu, na anayepanga basi la kuunganisha bila kuihesabu saa hiyo ataachwa.