Uzoefu wangu: Makumbusho ya Zuolojia ya Grant, London

Nimefundisha baiolojia sekondari kwa ubao na chaki. Bawa la popo nililichora, moyo wa chura niliuchora, wanafunzi wakanakili. Ndiyo maana nilipoingia makumbusho haya ya chuo kikuu cha UCL (University College London), kilichonigusa kabla ya chochote ni sababu ya kuanzishwa kwake.

Robert Grant, daktari kutoka Edinburgh, alikuwa profesa wa kwanza wa zuolojia, yaani elimu ya wanyama, nchini Uingereza. Alipoanza kufundisha hapo mwaka 1828 hakukuwa na vielelezo vya kuwaonyesha wanafunzi, basi akaanza kukusanya mwenyewe. (Ndiye yule yule ambaye, huko Edinburgh, alikuwa akienda ufukweni na kijana Charles Darwin kuokota viumbe vya baharini.) Alifundisha mpaka alipofariki mwaka 1874. Leo vielelezo ni makumi ya maelfu, na wanafunzi wa chuo bado wanajifunzia.

Ni ukumbi mmoja tu, makabati yamejaa mpaka juu, na kwenye roshani mifupa ya binadamu na nyani wakubwa imesimamishwa kama watu wanaokuchungulia. Wengi hukimbilia chupa ya fuko 18, wale wanyama wadogo wanaochimba ardhini, waliohifadhiwa wazima wazima. Mimi nilikwama kwa kwaga. Huyu ni jamaa wa punda milia wa Afrika Kusini, mwenye milia upande wa mbele. Wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Mifupa kamili au karibu kamili iliyobaki duniani ni ya kwaga saba tu, na huyu wa hapa alidhaniwa punda milia wa kawaida hadi alipotambuliwa miaka ya 1970. Fikiria: mfupa umekaa kabatini miaka yote hiyo ukimsubiri mtu wa kuutazama vizuri. Asingeuhifadhi mtu, tungeutambua wapi?

Usitoke bila kuingia kwenye kijichumba chenye kuta za mwanga, zilizopangwa slaidi za hadubini zaidi ya 2,000, yaani vioo vyembamba vyenye viumbe vidogo. Wanyama walio wengi ni wadogo kuliko ukucha, na hapo ndipo nilipoona wamepewa nafasi yao.

Kiingilio ni bure. Hakikisha kwanza siku za kufungua, na ukiwa na watoto wabebe penseli na karatasi. Mimi nilitoa daftari nikachora bawa la popo, kidole kwa kidole, safari hii mifupa yenyewe ikiwa mbele yangu.