Oveni ya mezani na mkate wa kima na jibini: uzoefu wangu

Kama unatafuta oveni kwa ajili ya mkate wa kujaza, usianze na ukubwa wake wala wingi wa alama zilizochorwa kwenye swichi. Angalia kwanza kama moto wa juu na moto wa chini unawashwa kila mmoja peke yake. Yangu ni ya umeme, ya kuweka mezani, lita 45 na wati 2000, na imenifaa kwa sababu hiyo moja zaidi ya nyingine zote. Nawashauri wenzangu tunaopika nyumbani hapa Unguja waitafute ya namna hiyo, hata ikibidi kuzunguka maduka ya Darajani asubuhi nzima.

Mkate ninaousema ni ule wa hamira unaojazwa kima na jibini, ukasukwa, ukachomwa. Usichanganywe na pizza ya Forodhani, ambayo ni chapati nyembamba inayokunjwa pamoja na kima na yai na kupikwa juu ya chuma chenye mafuta. Huu wetu ni ndugu wa pide ya Waturuki na fatayer za watu wa Shamu. Kwetu huingia mezani wakati wa futari, na mkate mmoja mrefu unashibisha watu sita ikiwa pembeni ipo supu.

Ugumu wake upo chini. Mkate mtupu hauna taabu, unga wote unapata moto sawasawa. Ukiujaza nyama na jibini, unyevu wote unateremka na kukaa juu ya unga wa chini, na hapo ndipo panapobaki pabichi huku juu pameshapiga wekundu. Aliyeutoa kwa kuitazama rangi ya juu tu huishia kukata mkate mzuri wa macho wenye utando wa unga mbichi kati ya nyama na ganda. Mama zetu walikuwa na elimu yao ya moto walipopalia makaa: mengi juu ya mfuniko, machache chini, na keki ikatoka safi. Kwa mkate wa kujaza moto unatakiwa kinyume chake mwanzoni, kisha ubadilike katikati, na makaa hayabadilishwi kwa haraka hivyo bila ya mkate kukaa wazi ukanywea.

Kwa oveni hii nawasha koili za chini peke yake, treya naiweka kwenye ngazi ya chini, na mkate unakaa hapo dakika 12 hivi. Kisha nageuza swichi ziwake za juu na za chini pamoja, napandisha treya ngazi moja, dakika nyingine 15 hadi 18. Nautoa nikishaugonga chini kwa kifundo cha kidole na kusikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Ukilia dofu, unarudi ndani, moto wa chini tu, dakika 5.

Sasa nitaje upungufu wake, maana upo. Namba za kwenye swichi haziaminiki. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kutundika ndani, na nikiweka nyuzi 200 chenyewe kinasoma kama 175. Si oveni yangu peke yake, hizi za mezani nyingi ndivyo zilivyo, na kipimajoto chenyewe si ghali. Mimi sasa naweka 225 na kusubiri dakika 15 nzima kabla ya kuingiza kitu. Taa ya oveni huzima mapema ikidai moto umefika, lakini kuta bado hazijapata moto wa kutosha, na ukifungua mlango joto lote linatoka.

Treya iliyokuja nayo ni nyembamba na inang'aa. Ikipata moto inajikunja kwa kishindo, mkate unaruka upande. Niliiweka kando nikanunua treya nzito nyeusi, na tofauti niliiona siku hiyo hiyo, kwa kuwa chuma cheusi hunywa moto na kile kinachong'aa huurudisha. Kona ya nyuma ya kulia nayo huunguza kuliko nyingine, kwa hiyo nikibadilisha moto nageuza na treya, kichwa kiende mkiani.

Kuhusu umeme, watu huuliza kuliko kitu chochote. Wati 2000 maana yake ni uniti 2 kwa saa ikiwa koili zote zinawaka bila kupumzika. Ukijumlisha kupasha na kuchoma unapata dakika 45 hivi, kwa hiyo mkate mmoja hauwezi kuzidi uniti moja na nusu, na kwa kweli hula chini ya hapo kwa sababu koili huzima na kuwaka zenyewe, na mwanzoni zinawaka za chini tu. Ukichoma mikate miwili kwa kufuatana, wa pili unatoka kwa nafuu kubwa kwa kuwa oveni imeshapata moto. Ichomeke moja kwa moja ukutani kwa plagi yake ya pini tatu. Inavuta karibu ampea 9, na zile waya za kuunganishia za bei rahisi zinapata moto mpaka plastiki inalainika. Usiiweke pamoja na friji kwenye waya mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisoma kwenye kijitabu chochote. Jioni za Ramadhani, saa kumi na moja kwenda mbele, kila nyumba inawasha kitu, na umeme ukiwa mdogo oveni inadhoofika kuliko mtu anavyodhani. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya moto hupungua kwa karibu robo. Mapishi yale yale yaliyotoka vizuri asubuhi yatatoka meupe. Kwa hiyo mimi nachoma kabla ya alasiri, naufunika kwa kitambaa, na karibu na magharibi naurudisha ndani dakika chache tu upate moto.

Mchanganyiko wangu ni unga wa ngano gramu 500, hamira ya chengachenga gramu 7, sukari vijiko viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vitatu, na maziwa ya vuguvugu mililita 300 ambayo siyamimini yote kwa mkupuo. Vuguvugu ni lile la kidole kustahimili bila shida. Yakiwa ya moto hamira inakufa. Kanda dakika 10 za kweli, mpaka ukivuta donge linanyumbuka kabla ya kukatika. Wakati wa kaskazi unga unaumuka chini ya saa moja jikoni kwangu. Wakati wa kipupwe nauacha zaidi, na huwa nauweka ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto.

Kima ndiyo nusu ya kazi. Gramu 400 zinatosha, za nyama isiyo na mafuta mengi, na umwombe muuza nyama aisage mbele yako. Naipika na thomu, tangawizi, uzile, pilipili manga na chumvi mpaka maji yote yakauke na isikike ikianza kukaangika. Vitunguu maji navitia mwishoni, na pilipili boga iliyokatwa ndogo ndogo, moto ukiwa mkali ili visichuruzike. Kotmiri na ndimu baada ya kuepua. Kisha inapoa kabisa, na nikiwa na nafasi inaingia kwenye friji. Kima ya moto juu ya unga inauyeyusha unga kabla haujafika kwenye oveni, na hakuna swichi itakayoliponya hilo.

Jibini natia aina mbili, jumla gramu 200: mozzarella ya kukuna kwa ajili ya kuvutika, na cheddar kwa ajili ya ladha na chumvi. Mozzarella inayouzwa ndani ya maji haifai hapa, inatoa majimaji. Cheddar peke yake nayo ikizidi moto hutoa mafuta. Dada yangu aliyeko Wete haipati mozzarella kila anapoihitaji, anatumia jibini ya kopo, na mkate wake siudharau hata kidogo: haivutiki, lakini imetengenezwa isitengane ikipata moto, kwa hiyo chini hapalowi. Anayeanza angeanza na hiyo.

Sukuma unga uwe mstatili, panga kima katikati kwa urefu, jibini juu yake, kisha kata pande zote mbili vipande vya upana wa vidole viwili. Unavivusha kimoja kimoja, kulia, kushoto, kama unavyosuka ukili, na ncha ya mwisho unaifutika chini. Paka yai, nyunyiza ufuta na habasoda, acha dakika 20 upumue, ndipo uingie.

Ukishatoka, usiukate. Najua harufu inavyosumbua, na watoto wanavyosimama mlangoni, lakini dakika 10 zikipita jibini inashika na kima haimwagiki. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na imani na mkate wa umeme, aliugeuza chini juu kabla ya kuonja, akapabonyeza kwa kidole gumba, akaniambia, "Huu umewiva, mwanangu." Kwangu hiyo ilikuwa tathmini kubwa kuliko zote.

Anayechoma keki na biskuti tu hahitaji lita 45. Ndogo yake itamtosha na itampunguzia matumizi. Mwenye jiko la gesi lenye oveni chini, nalo lina moto mzuri wa chini, ajaribu kwanza alichonacho. Lakini anayenunua mpya kwa ajili ya mkate huu aende dukani na kipande cha uzi, apime ndani kama treya ya sentimita 35 inaingia na mlango ukafungika. Kisha amwombe muuzaji aichomeke, awashe chini peke yake, halafu juu peke yake. Zote mbili ziwe nyekundu kwa urefu mzima wa koili. Ikiwa upande mmoja umebaki mweusi, muulize kama anayo nyingine stoo.