Coaster ya kukodi Iringa–Mbeya kwa msafara wa wanafunzi: hesabu mabegi kwanza

Mwenye Coaster ya kukodi pale Iringa mjini hukuuliza swali moja kabla ya bei: "Mpo wangapi?" Ukimjibu 28, atakwambia gari linatosha. Kwa harusi ya jioni moja ni kweli. Kwa ziara ya mafunzo ya siku tano Mbeya, kila mwanafunzi na begi lake na koti lake, si kweli, na kosa hilo moja huzaa karibu matatizo yote ya siku ya safari.

Sababu iko kwenye viti. Ile idadi ya abiria 29 au 30 inayotajwa imejumlisha viti vya kukunja vya katikati, vitano au sita. Vikikunjuliwa, njia ya kupita imekwisha: aliye nyuma akishikwa na kichefuchefu, watu wanne wainuke ndipo afike mlangoni. Tena Coaster haina buti kubwa ya chini kama basi la mikoani. Mzigo una sehemu mbili tu, kereya ya juu au siti za nyuma kabisa. Kwa hiyo toa viti vya kukunja, toa na safu ya mwisho kwa ajili ya mabegi yasiyopaswa kuloa, na utabaki na watu 19 au 20 wanaokaa vizuri. Kwa idadi hiyo, pamoja na mwalimu, huduma hii naipa alama ya juu kuliko basi la tiketi. Kwa 28, kodi basi kubwa au ongeza Hiace ya mizigo.

Kereya ni nzuri mradi ifungwe na mtu anayejua. Mabegi mazito yakae katikati na mbele, siyo yote nyuma, kisha turubai, kisha kamba ya katani. Kamba za mpira peke yake hulegea, na upepo wa Makambako hufunua turubai upande mmoja mpaka lianze kupigapiga kioo. Mzigo wote ukirundikwa nyuma, ekseli ya nyuma ndiyo inayobeba, na magari yanayozidi tani 3.5 lazima yapande mizani. Upo wa Wenda, dakika chache tu baada ya kuiacha Ipogolo, na upo wa Makambako.

Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na yaseme bei ni pamoja na mafuta au bila mafuta. Barabara ni kama kilomita 330. Coaster yenye injini ya 1HZ ya dizeli, ikijaa, hula lita moja kwa kilomita 5 au 6, yaani lita 60 hivi kwenda tu. Aliyekupa hesabu ya lita 40 atakuomba nyongeza mkiwa Chimala, wanafunzi wana njaa na huna pa kubishania. Andikeni pia posho na malazi ya dereva, maegesho, na mizunguko ya siku zinazofuata. Ziwa Ngozi na Kimondo cha Mbozi haviko njia moja: barabara ya Tukuyu inachepuka Uyole, ya Mbozi inaelekea Tunduma. Hizo ni siku mbili na mafuta ya mara mbili. Na kama gari ni daladala kwa siku za kawaida, omba uone kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha safari ya kukodiwa kabla ya kulipa chochote.

Kagua gari jioni ya kuamkia safari, mwanga ukiwepo. Tairi za nyuma ni nne, mbili mbili, na ya ndani ndiyo yenye kipara mara nyingi kwa kuwa haionekani. Inama uitazame. Spea, jeki na spana ya magurudumu viwepo garini, siyo "vipo nyumbani". Kila siti iwe na mkanda unaofunga. Dereva mzuri hakasiriki ukikagua. Huwa anakufungulia boneti mwenyewe.

Kuondoka ni saa 12 asubuhi. Mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na vijiji vya 50 viko vingi, kuanzia Tanangozi na Ifunda. Kwa mwendo halali, pamoja na chai Mafinga na chakula, safari inachukua muda wa saa sita hadi saba. Kuchimba dawa kupangwe kwenye vituo vya mafuta vyenye vyoo. Wasichana wasishushwe porini kwa sababu tu dereva ana haraka.

Makoti yasipande kereya. Makambako kuna baridi, kuelekea Igawa mnashuka bonde la Usangu na jasho linaanza, Chimala watu wanavua, kisha Igurusi kwenda Inyala mnapanda tena hadi Uyole ambako baridi inawangoja. Mji wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai zinauma. Huo mlima wa Inyala ndio mtihani wa gari na wa dereva. Injini ya 1HZ haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), kwa hiyo hewa ikipungua nguvu nayo inapungua, na mbele kuna malori ya Tunduma yanayotambaa. Dereva wa kumlipa ni yule anayekaa nyuma ya lori kwa gia ndogo huku akitazama geji ya joto. Anayelipita kwenye kona ili awahi dakika tano, mwalimu amwambie hapo hapo.

Uyole siyo mwisho wa safari, ingawa wanafunzi huanza kushusha mabegi. Bado kuna Nane Nane, Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, na kuanzia saa 10 jioni foleni hapo ni nzito. Fikeni kabla. Mapatano yaseme dereva atawafikisha mlangoni mwa hosteli, iwe Soweto, Forest au Iyunga, siyo stendi. La sivyo mtagawanyika kwenye bajaji saba na begi moja litapotea. Mpigie mwenye hosteli umuulize urefu wa geti: Coaster peke yake ni mita 2.6 hivi, na kereya iliyojaa inavuka 3.

Siku ya kurudi, hesabu ianze upya. Kila mmoja atataka mchele wa Mbarali. Kilo 10 kwa watu 20 ni kilo 200 mpya, nyingi zikinunuliwa kabla ya mizani ya Makambako. Wanunue Igurusi au Chimala, mkiwa mmeshamaliza mteremko wa Inyala, na magunia yalazwe sakafuni katikati ya ekseli mbili, pale pale ambapo viti vya kukunja vingesimama.