Samaki gani wa urembo ununue kwanza ukiwa Tanga: nimewapanga kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho

Wadau wa Tanga, swali la "nianze na samaki gani" naulizwa kila siku, leo nalijibu kwa mpangilio kabisa. Ila kabla hujatoa hela mfukoni nenda jikoni kwako kaangalie birika la chai. Kama ndani limejenga ukoko mweupe mgumu na sabuni haitoi povu mpaka mkono uchoke, maji yako ni magumu, hayo ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa, na sisi chokaa tumeikalia, mapango ya Amboni yenyewe si ni chokaa tupu. Kama birika ni safi na povu linajaa, una maji laini. Birika ndo likuchagulie samaki, sio rangi. Nimeshaona watu wengi wanachagua rangi alafu ndani ya wiki wanatupa samaki, na roho inauma maana yule samaki hakuwa na kosa lolote.

Kitu cha pili ni joto na umeme. Kwa joto letu hita huna haja nayo, hiyo hela nunulia pampu ya hewa na filta ya sponji. Lakini maji ya moto yanabeba hewa kidogo kuliko ya baridi, kwahiyo umeme ukikatika usiku wa mwezi wa pili samaki ndo wanaanza kupanda juu wanahema. Mi yalinikuta, umeme ulikata saa nne usiku ukarudi alfajiri, nikakaa na kikombe cha bati nachota maji nayaachia yadondoke toka juu kama mtu anayepoza chai, nikichoka mdogo wangu anapokea. Yaliyotokea usiku ule ndo yamenipa sehemu kubwa ya huu mpangilio.

Namba moja ni gapi. Asili yake Trinidad, Venezuela na nchi za jirani huko, jina kapewa la bwana Guppy aliyemkusanya Trinidad mwaka 1866, na joto la kwao halina tofauti kubwa na la kwetu. Ni bei ndogo kuliko wote, anavumilia maji magumu, na hatagi mayai, anazaa vifaranga vinaogelea papo hapo. Nunua dume moja kwa majike mawili au matatu, ukizidisha madume wanamfukuza jike mpaka anakonda. Jike anazaa kila baada ya wiki tatu mpaka nne hivi, mara nyingi vifaranga ishirini, thelathini, akiwa mkubwa hata zaidi. Utajua amekaribia lile doa jeusi la nyuma ya tumbo likiwa kubwa na tumbo likawa kama la pembe nne ukimtazama kwa mbele.

Sasa shida, mama mwenyewe anakula watoto. Watu wanaweka kamba iliyofumuliwa ielee juu vifaranga wajifiche, ni njia nzuri sana, ila iwe ya nailoni, najua sisi huku kamba ya kwanza mkononi ni ya mkonge lakini mkonge utaoza na maji yatanuka. Na kingine ambacho wauzaji hawasemi, jike la gapi linatunza mbegu za dume tumboni kwa miezi, kwahiyo unayemnunua dukani tayari ana mimba ya dume usiyemjua. Ukitaka kuzalisha rangi fulani usitegemee jike la dukani, chukua watoto wake, wakifika wiki tatu nne anza kutenga majike kabla madume hayajakomaa, hapo ndo unaanza ukoo wako mwenyewe. Raha ya kuona mkia uliokuwa unautaka unajitokeza kwenye kizazi cha tatu siwezi kuielezea.

Namba mbili moli, na kama birika lako lina ukoko basi kwako wewe huyu ndo namba moja, usibishane na mimi. Moli anapenda maji magumu na anavumilia hata yenye chumvi kidogo, kwahiyo vile visima vya karibu na bahari ambavyo watu wanalalamika chai haina ladha, yeye anaishi kwa raha. Anazaa kama gapi. Tofauti ni umbo, anakua mkubwa, sentimita nane kumi, anakula sana na anachafua sana, usimuweke kwenye katanki ka mezani. Moli kwenye maji laini anaanza kuyumbayumba sehemu moja kama anatetemeka, akianza hivo mara nyingi kosa liko kwenye maji.

Namba tatu plati. Mpole, mgumu, anazaa, rangi zake nyekundu na machungwa zinapendeza, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Nimemshusha tatu kwa sababu moja tu, anapenda maji ya baridi kidogo, kwahiyo tanki lake likae upande wa nyumba usiopigwa jua la mchana.

Namba nne beta. Ule usiku wa kikombe cha bati beta hakushtuka hata kidogo, maana ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu moja kwa moja, katoka Thailand kwenye mashamba ya mpunga na vidimbwi. Kama umeme wako hautabiriki na nafasi ni ndogo, mchukue. Dume moja kwa tanki moja, madume mawili watachanana mpaka mmoja afe. Na asiwekwe kwenye glasi kama maua, mpe lita kumi na tano au ishirini na mfuniko maana anaruka. Kumzalisha ndo kazi, dume anajenga kiota cha mapovu juu ya maji, wakishamaliza kutaga jike unamtoa haraka la sivyo atapigwa, baba anabaki analinda, anaokota kila yai linalodondoka analirudisha kwenye povu kwa mdomo. Kukaa na tochi ukaangalia hilo tu inatosha kukufanya uwapende samaki maisha yako yote. Lakini vifaranga ni wadogo mno, wanataka chakula hai kidogo kuliko unachoweza kuona vizuri, na madume wakikua kila mmoja anataka chombo chake. Anayeanza amnunue kumfuga, kuzalisha aache kwanza.

Namba tano mbuna, na hapa naomba mnisikilize maana hawa ni wetu. Ni samaki wa Ziwa Nyasa, wale wa njano na bluu wanaong'aa kama wa baharini, dunia nzima wanafugwa na sisi wengi hatuwajui. Maji magumu ndo kwao, na sisi Tanga tuna mawe ya matumbawe ya zamani yaliyobaki kwenye ujenzi wa nyumba, yaoshe yachemshe yapange kwenye tanki, yatashikilia ugumu wa maji wenyewe. Chukua yaliyotupwa nchi kavu tu, matumbawe yaliyo hai baharini usiyaguse. Jike la mbuna linabeba mayai na watoto mdomoni wiki tatu hivi bila kula. Sasa kwanini nimewaweka tano? Wagomvi, wanataka tanki la lita mia mbili hivi na mapango mengi, na wasichanganywe na gapi wala moli. Ukishakaa mwaka na gapi zako bila msiba, hamia huku.

Enjeli namba sita, mzuri lakini anataka tanki refu kwenda juu na akikua anameza gapi zako mmoja mmoja. Neoni namba saba, wa maji laini, kumzalisha nyumbani ni kazi ya waliobobea.

Wa mwisho kabisa goldifishi, na najua ndo wa kwanza kununuliwa na wengi. Nilianza naye mimi, watatu kwenye bakuli la kioo la duara, muuzaji akaniambia hawana shida, badilisha maji yote kila siku. Siku ya nne wote watatu walikuwa wameelea. Goldifishi ni samaki wa maji ya baridi, anaweza kupita sentimita ishirini, anataka lita mia na zaidi, na uchafu wake unatoa ammonia, sumu inayomchoma mapezi na mashavu. Kwa joto la hapa bila pampu ni kumtesa. Kama unampenda sana mjengee kidimbwi kivulini.

Tanki lenyewe lisikutishe, fundi wa vioo akukatie sentimita 60 kwa 30 kwa 35, hapo una lita sitini na kitu, ila silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Pampu ya hewa ikae juu kuliko maji, ukiiweka chini siku umeme unakatika maji yanarudi kwenye mpira mpaka sakafuni. Maji ya bomba, haya ya bwawa la Mabayani mto Sigi, yana dawa, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Alafu kabla hujaweka samaki, filta iwashe wiki nne mpaka sita na chakula kidogo ndani ya maji ili bakteria wanaokula ammonia waote, au omba kipande cha sponji chafu kwa mwenye tanki la zamani, hiyo ni zawadi kuliko hata samaki.

Dukani, mwambie muuzaji awape chakula ukiwa umesimama pale. Asiyekuja kula muache. Angalia mapezi, kama yamebanwa mwilini, au kuna nukta nyeupe kama punje za chumvi, au kinyesi cheupe kirefu kinaning'inia, au kuna maiti kwenye lile tanki, ondoka hata kama amekupunguzia bei. Ukiagiza toka Dar samaki wanakaa njiani masaa mengi, mwambie asiwalishe siku moja kabla, mfuko uwe theluthi maji na kilichobaki hewa, na wewe uzungushie kanga mbichi ndoo ya kubebea.

Na ukizidiwa na vifaranga usiwamwage mtoni wala kwenye madimbwi. Madimbwi ya mvua ya pwani yetu yana samaki wake, Nothobranchius, wadogo wenye rangi kali ajabu, dimbwi likikauka wanakufa wote lakini mayai yao yanasubiri kwenye tope mpaka mvua irudi. Gapi akiingia pale anakula vifaranga vyao. Gawa kwa jirani au warudishe dukani.

Ukifika nyumbani mfuko uelee kwenye tanki dakika ishirini, ongeza kikombe cha maji ya tanki kila dakika tano, mchote samaki kwa neti, maji ya mfuko umwage nje. Zima taa. Usiku huo usiwape kitu, asubuhi uwape punje chache tu na ukae uangalie nani amekuja kula.