Siku nne ziwani na watoto wadogo: uzoefu wangu na mtumbwi wa kukodi

Nianze na alama, kwa wasio na muda wa kusoma mpaka chini. Vifaa: nyota nne. Mafunzo ya asubuhi ya kwanza: nyota tano. Mpango wa safari: nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu ramani yenyewe haikulowa.

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka saba na mdogo wake wa miaka mitatu na nusu. Mimi niliwahi kupiga kafi zamani kabla sijaolewa. Mwenzangu hakuwa amewahi kukaa kwenye chombo kisicho na injini. Tukachukua kile wanachokiita kifurushi cha familia. Ndani yake mna mtumbwi, makafi, majaketi ya kuokolea maisha, hema, mifuko ya kulalia, jiko, mapipa ya mizigo na mpango wa siku nne uliochorwa kwenye ramani. Jina la kampuni siliweki hapa. Baadhi ya kero hizi nimezisikia kwa watu waliokodi kwingine kabisa, kwa hiyo haidhuru unakodi wapi, maswali ya kuuliza ni yaleyale.

Mtumbwi kwanza, maana hapo sina neno baya. Nilikuwa nimeomba ule mwepesi wa nyuzi za Kevlar, ambao mtu mmoja anaunyanyua akauweka mabegani. Kijana wa gatini akanitazama, akauliza, "Mama, njia yenu ina mahali pa kubeba mtumbwi nchi kavu?" Nikamwambia hapana. "Basi wepesi wa nini? Chukueni huu wa plastiki. Watoto wakirukaruka ndani, wala hausikii." Tukachukua wa plastiki: urefu wa mita tano na kidogo, upana wa karibu sentimita 90, na kuubeba kulitutoa jasho sote wawili. Alisema kweli. Mwanangu mdogo hajui kukaa, anajua kusimama na kuchungulia, na kila alipoinuka ghafla mtumbwi ulitikisika kidogo tu, kisha ukatulia.

Huyohuyo kijana ndiye aliyetupangia mizigo. Vizito vyote chini katikati, ngamani, na watoto wakae sakafuni juu ya kipande cha godoro, si kwenye vibao. Waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nadhani na wao walikuwa wamewahi kupakia chombo vibaya. Tulipokwisha kuingia wote akaweka kiganja ubavuni mwa mtumbwi kupima: kutoka maji hadi ukingoni isipungue sentimita 15. Sisi ilifika karibu shibiri moja, akaridhika. Tungekuwa na mfuko mmoja zaidi angeushusha, na nina hakika angeanza na ule wa mume wangu wenye viti viwili vya kukunja.

Sasa majaketi. La binti lilimkaa sawasawa. La mdogo ndilo lililotuweka gatini saa mbili nzima. Lebo ilisema ni la mtoto wa kilo 20 hadi 30, na mwanangu ana kilo 15. Nikamfunga kila mkanda, nikamwambia anyooshe mikono juu, nikashika jaketi mabegani na kulivuta. Likapanda hadi masikioni, kichwa kikatumbukia ndani kama cha kobe. Majini linafanya vivyo hivyo: lenyewe linaelea, mtoto anateleza chini yake. Aliyekuwa zamu akasema litamkaa tu, atalizoea. Jaketi si kiatu kipya, bwana. Shirika la Afya Duniani linawataja watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuwa ndio wenye viwango vya juu zaidi vya kufa maji kuliko rika lolote, na wangu yumo humohumo. Sikuona haya kuwachelewesha. Mwishowe wakatuma gari likaleta lingine kutoka ghala lao la pili.

Hilo la pili ndilo la kuulizia unapokodi: lina kola pana nyuma ya kichwa, mkanda unaopita katikati ya miguu, mshikio mgongoni wa kumnyakulia, na lebo yenye kilo zinazolingana na za mtoto. Tafuta pia namba ya nguvu ya kuelea. Lililoandikwa 50 limekusudiwa mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu, wala halitamgeuza uso uelekee juu. Kwa mtoto mdogo anza na 100. Sisi tulikuwa tumetaja umri wa watoto tulipoweka nafasi, na kampuni haikuuliza uzito. Andika uzito, hata kama fomu haina nafasi ya kuujaza.

Baada ya hapo wakatukabidhi kwa mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na hapa ndipo nyota zangu tano zilipokwenda. Alitupeleka kwenye maji ya kiunoni, akatukalisha wote wanne mtumbwini na majaketi yetu, akasema, "Haya, pindukeni." Tukadhani anatania. Akarudia. Tukaegemea upande mmoja, tukaanguka.

Binti aliibuka akicheka. Mdogo aliibuka akilia, lakini aliibuka, uso juu, na nikaona kwa macho yangu jaketi linavyofanya kazi. Mume wangu aliokoa kofia yake kwanza, na hatujaacha kumkumbusha. Mwalimu hakumcheka. Alimwuliza tu, "Baba, mtoto wako ni yupi?" Kuanzia hapo tukagawana: mimi wa mdogo, yeye wa binti, na kila mtu akipinduka anajua mkono wake unakwenda wapi. Mtoto kwanza, kisha mtumbwi, kofia haimo. Tukapinduka mara mbili tena mpaka mdogo akaanza kudai ya nne. Tukajifunza pia kwamba mtumbwi uliojaa maji bado unaelea, usiuache ukaogelea kuelekea ufukwe unaoonekana karibu, na kwamba mtoto hafungwi kamba kwenye mtumbwi kwa hali yoyote. Kuna wazazi hufanya hivyo kwa kudhani ni usalama. Chombo kikigeuka, kamba inamshikilia chini yake.

Akatueleza hesabu ya maji baridi inayotokana na Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada: 1, 10, 1. Ukitumbukia kwenye maji baridi sana una dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 hivi za mikono inayotii, na saa 1 kabla ubaridi haujakupotezea fahamu. Mtoto mwili wake ni mdogo, hupoa upesi zaidi. Nilipomaliza kusikia hayo niliitazama ramani kwa jicho jingine.

Ramani ilitaka kilomita 14 siku ya kwanza, na katikati mstari ulikata ziwa moja kwa moja, kilomita mbili za maji ya wazi bila ufukwe wa karibu. Siku ya pili kilomita 11, ya tatu 12, kila jioni kambi mpya. Watu wazima wawili wanaovuta kafi vizuri huenda kilomita nne hadi tano kwa saa, kwa hiyo mtu aliyechora aliona ni saa tatu tu za kazi. Hakuhesabu kwamba mtoto wa miaka mitatu anataka kushuka kila baada ya dakika 40. Hakuhesabu kafi dogo walilompa (zuri sana, la mbao, urefu kamili) ambalo yeye alilitumia kama breki. Hakuhesabu mara tulizosimama kwa sababu ya ndege, kwa sababu ya jani, na kwa sababu ya kiatu kilichotupwa majini makusudi ili kuona kama kinaelea. Kinaelea.

Hakuhesabu upepo pia, na hilo ndilo siwasamehi. Ziwa kubwa asubuhi hulala. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake inapaa, na ile ya baridi kutoka ziwani inakuja kuziba nafasi. Kuanzia saa tano hivi unausikia shingoni, alasiri mawimbi yanakuwa na vichwa vyeupe. Kwa mpango wao, muda ambao tungeufikia ule mkato wa maji ya wazi ni saa saba mchana. Hatukukata. Tulishika ufukwe, umbali ambao ningeweza kuogelea nikimvuta mtoto, na saa sita tukawa tumefika kighuba chenye mchanga, kilomita tano na nusu tu kutoka gatini. Tukapiga hema.

Hatukuling'oa mpaka siku ya kurudi.

Nadhani huu ndio ushauri pekee wa maana nilio nao kwa mwenye watoto chini ya miaka minane. Kufungasha kambi na watoto wawili kunakula saa mbili za asubuhi, zilezile ambazo ziwa limelala. Ukikaa mahali pamoja unazipata zote: unaingia mtumbwini saa kumi na mbili na nusu ukiwa na maji ya kunywa na watoto tu, mtumbwi mwepesi kama jani, mnazunguka, saa nne mko kivulini. Siku ya pili binti alikuwa ameshayapa mawe yote ya kighuba majina. Siku ya tatu mdogo aliijua njia ya msalani bila kushikwa mkono. Nilipowaeleza wakodishaji kwenye simu, jibu lilikuwa kwamba familia nyingi humaliza njia yote. Baadaye kijana wa gatini akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni njia ya makundi ya watu wazima, imebadilishwa kichwa cha habari tu.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Hema zuri, halikuvuja. Mapipa ya lita 60 yenye kifuniko cha pete ya chuma ni bora kuliko mifuko: hayapitishi maji, unayabeba mgongoni, ni viti, na kwa bahati mbaya ni ngoma. Kichujio cha maji kiliziba siku ya pili, tukarudi kwenye kuchemsha. Yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Koleo la kuchimbia choo lilikuwamo na maelezo yake sahihi (shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka majini), lakini usiku wa giza na mtoto anayebana miguu, mita 60 ni safari ya kwenda nchi jirani. Tulibeba poti yetu kutoka nyumbani. Ningeacha jiko kabla sijaiacha poti.

Mifuko ya kulalia ndiyo iliyokula nyota ya tano ya vifaa. Walitupa minne ya watu wazima. Kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye lebo kimepimwa kwa miili ya watu wazima, na mtoto hawezi kuupasha moto mfuko wote ule mtupu chini ya miguu yake. Usiku wa kwanza mdogo alihamia kwangu na nyayo kama barafu. Wa pili nikaufunga mfuko wake kwa kamba chini ya miguu, nusu yake ikabaki nje ya kazi, akalala hadi alfajiri.

Jioni ya mwisho ngurumo ilitukuta tukiwa majini, hatua chache kutoka kambini. Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto kuhesabu kuanzia mwako hadi mlio: ikiwa ni chini ya sekunde 30, kila mtu nchi kavu, na hamrudi majini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Binti alihesabu hadi 22, akatuamuru kuelekea ufukweni. Mdogo hawezi kupita kumi na moja, ila alihesabu na yeye, kwa kupayuka, na akaendelea kuhesabu chini ya turubai radi ilipokuwa imeshakwenda zake.

Tumeweka nafasi tena kwa msimu ujao, kampuni ileile, mwalimu yuleyule tukimpata. Kifurushi hatuchukui: mtumbwi wa plastiki, mapipa mawili, basi. Majaketi tumenunua yetu.

Amana walirudisha yote siku ileile, ingawa kafi dogo lilirudi na alama za meno mduara mzima wa mshikio. Yule kijana akaligeuza, akalitazama, akalitundika pamoja na mengine. Hata hayo mengine, nilipoangalia vizuri, yalikuwa na alama.