Tinati za M6, skrubu na drili ya betri kwa maboksi ya spika: uzoefu wangu

Natengeneza maboksi ya spika hapa Busia upande wa Uganda, mengi ni ya makanisa na ya vijana wa disko wanaozunguka kwenye kwanjula (sherehe za kumtambulisha mchumba) na harusi, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya boksi za inchi 12 na 15 zinazorushwa kwenye pikapu kila wikendi, sio spika ya kukaa kando ya TV sebuleni. Nimeamua kuandika juu ya vifungio na vyombo kwa sababu mtu anamaliza pesa yote kwenye spika na amp halafu boksi lenyewe linafungwa na chochote kilichobaki kwenye kopo, na hiyo inaniuma kweli.

Kabla hujaenda hadiwea ligawe boksi kwa akili yako. Kuna mahali hapatafunguliwa tena, yaani ubao kwa ubao, hapo kazi ni ya gundi. Na kuna mahali patafunguliwa tu utake usitake, maana koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) ikiungua au koni (ile karatasi ya mbele) ikichanika spika inatoka, inaenda kwa fundi, inarudi, hapo weka boliti na tinati. Ukishaelewa hivyo mengine yote yanakuwa rahisi.

Tinati ni kile kinati chenye sahani na meno manne kinachoingia nyuma ya ubao wa mbele. Hizi nazipa alama zote. Skrubu ya mbao iliyoshika spika ukiitoa na kuirudisha mara chache tu tundu linalegea, kwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa na gundi) ndiyo mbaya zaidi inabaki unga tu, halafu besi ikipiga usiku mzima skrubu inajitoa polepole na hewa inaanza kuvuja pembeni shwiii. Boliti ya chuma ndani ya uzi wa chuma (yale meno ya ndani ya nati) haina hayo. Kwa inchi 12 na 15 natumia M6, yaani boliti ya unene wa milimita 6, nikitumia ubao wa milimita 18 boliti ya urefu wa 30 au 35 inatosha vizuri, pima tu unene wa fremu ya spika yako kwanza. Toboa tundu la milimita 8, paka epoksi kidogo chini ya sahani (isiguse uzi!), halafu usigonge na nyundo, ivute iingie kwa kukaza boliti yenye washa kubwa kutoka upande wa mbele. Ikigongwa inaingia upande, na siku ya kufunga boliti meno yanaachia, tinati inazunguka bure na huwezi kuifikia maana spika imeshaziba tundu. Epoksi ndiyo dawa ya hiyo, hasa kwa MDF.

Kitu kimoja cha madukani kwetu, boliti za inchi na za milimita zinakaa droo moja. Robo inchi na M6 kwa macho ni mapacha lakini uzi ni tofauti, robo ina milimita 6.35 na meno yake yako mbali mbali kuliko ya M6. Kwa hiyo chukua tinati, ingiza boliti kwa vidole pale pale kaunta, ikiteleza mpaka mwisho bila nguvu ndiyo ulipe. Vichwa nachukua vya aleni (vyenye tundu la pembe sita), kwa sababu bisbisi ikiteleza inatoboa koni, ila aleni inakaa ndani ya tundu lake. Kaza kwa kupishana, huyu na wa ng'ambo yake, usimalize upande mmoja kwanza, fremu inapinda. Na chini ya fremu weka ule utepe wa sponji wa kuzuia hewa.

Skrubu sasa. Zile nyeusi za jipsamu ndizo rahisi kupata na kila mtu anazo, lakini zilitengenezwa kwa dari, ni ngumu na zinavunjika shingo, alafu unyevu wetu unazila kutu. Mimi nachukua za chipboard za 4 kwa 50 zenye shingo laini isiyo na meno chini ya kichwa. Hiyo shingo ndiyo inavuta mbao mbili zikaribiane, maana skrubu yenye meno mpaka juu inashika mbao zote mbili na mwanya unabaki pale pale hata ukaze vipi. Kwa MDF lazima utangulize tundu la milimita 3, katikati ya unene kabisa, na ukae mbali na kona kama sentimita 5, bila hivyo ubavu unapasuka kama kitabu. Plaiwudi inavumilia zaidi, na mimi nikienda kuchagua mbao Ndeeba kule Kampala plaiwudi ndiyo naitafuta kwanza kwa boksi za kusafiri. Ile skrubu inashikilia tu mpaka gundi nyeupe ikauke, iache ilale mpaka kesho.

Angalia pia nyota ya kichwa. Kama kuna vijistari vidogo kati ya mikono ya msalaba hiyo inataka biti ya PZ2, ukiweka PH2 ya msalaba wa kawaida inaruka na kula kichwa.

Drili ninayotumia ni Ingco ya betri ya volti 20, na hiyo 20 isikutishe, ndani ni seli tano, ni ile ile watu wengine wanaiandika 18. Kilichonifurahisha ni ile ringi ya namba mbele, naiweka chini, skrubu ikikaa inajiachia yenyewe. Impakti draiva (ile inayogonga huku ikizungusha) ina nguvu sana lakini kwa MDF inapitiliza kabla hujatoa kidole, hiyo niliwaachia wa mabati. Na umeme ukienda kazi haisimami.

Kukata duara natumia jigisoo (msumeno mdogo wa umeme) na bledi ya T101BR, meno yake yanaangalia chini kwa hiyo uso wa juu haupasuki. Ruta (mashine ya kuchonga mbao) yenye mkono wa duara inakata safi zaidi bila mjadala, kama una uwezo anza na hiyo. Klempu (vibano) ndefu nilichomelewa Katwe, Kampala, na zinabana vizuri tu. Vaa maski, vumbi la MDF ni baya, na ufagie chuma chote mezani kabla spika haijaja, sumaku inavuta vipande na vikiingia kwenye koili utasikia inakwaruza.

Vishikio na kona za chuma zinataka skrubu fupi za milimita 16 zisitokeze ndani. Magurudumu yale fungeni kwa boliti na tinati pia, boksi la inchi 15 likiburutwa kwenye lami skrubu zinang'oka na ubao.